Bushi za Altezza na mwalimu wa Igunga

Haya wadau, nimerudi. Najua nimekuwa kimya tangu tumalize UE, na wengine mlishaanza kunitumia meseji za pole mkidhani nimedakwa na sapu. Hapana jamani, safari hii sina sapu hata moja, Mungu ni mwema. Nilikuwa nyumbani Singida, na katika likizo hiyo siku nne nzima nilizimalizia chini ya gari. Msishtuke, sikugongwa! Nilikuwa chini ya gari na spana mkononi, na hadi leo nikiwa hapa hosteli Dodoma kucha zangu bado zina weusi ambao sabuni ya kufulia imeshindwa kuutoa.

Rumeti wangu ameniuliza hiki kidude cha chuma na mpira kilichoko juu ya meza yangu ni cha nini. Alidhani ni kitu cha kuzimia sigara, akaanza kunitazama vibaya. Nikamwambia subiri, nitaandika ili nisirudie hadithi mara ishirini. Basi ndiyo hii.

Kaka yangu ana Altezza. Au niseme alikuwa nayo, maana hadithi yenyewe ndiyo hiyo. Kwa wale ambao magari kwenu ni rangi tu: Altezza ni Toyota iliyotengenezwa Japani kuanzia 1998 hadi 2005, na nchi nyingine waliiuza kwa jina la Lexus IS 200. Ilitwaa tuzo ya gari la mwaka kule Japani msimu wa 1998-1999. Ya kaka ni ile RS200, injini ya lita mbili, gia za mkono sita, inasukuma kwa magurudumu ya nyuma. Ni gari la vijana, liko chini chini, likiwashwa mtaa mzima unajua. Aliinunua akiwa anafanya kazi Dar. Kazi ilipoisha akarudi nyumbani nayo, akaanza biashara ya alizeti.

Sasa hebu fikirieni. Gari la michezo, lililotengenezwa kwa ajili ya lami ya Japani, likipelekwa kwenye barabara ya vumbi ya Ilongero kufuata alizeti kijijini, na likirudi lina magunia kwenye buti na kwenye siti ya nyuma. Kaka alisema ni kwa muda tu, mpaka apate hela ya kukodi Canter. Muda huo ukawa misimu miwili. Wanaoijua Singida wanajua mawe yetu, yanaota hata katikati ya njia.

Nilipofika likizo gari lilikuwa linaongea. Ukipita kwenye tuta, mbele kushoto linasema ko! Ukipita kwenye rasta linasema ko-ko-ko-ko kama mtu anagonga mlango ana shida. Ukishika breki kwa nguvu usukani unavuta kushoto wenyewe. Na tairi za mbele zilikuwa zimelika upande wa ndani tu, nje bado nzima. Kaka alikuwa ameshazoea, anaongeza sauti ya redio, basi.

Tatizo ni kwamba alikuwa anataka kuliuza. Mkopo wangu hauifuniki ada yote, hilo mnalijua maana wengi wenu tuko kapu moja, na yeye alikuwa anahitaji mtaji kabla bei ya alizeti haijapanda. Mteja alishapatikana, mwalimu wa sekondari kutoka Igunga, kijana tu, anapenda hizi gari. Alikuja siku ya kwanza akalizungusha mjini kidogo, akapita tuta moja pale karibu na stendi, akasimamisha gari. Akasema, "Kaka, mimi nimelipenda, lakini hii kelele sitaki. Itengeneze, nitarudi Jumamosi ijayo na milioni nane na nusu."

Tukampelekea fundi mmoja wa mtaani. Akaingia chini, akatingisha, akatoka anajifuta mikono. Akasema bushi zimekufa, zile za mikono ya chini ya mbele. Kubadilisha mikono mizima ya mtumba, pea moja, laki tatu na nusu, na ufundi juu. Kaka akakunja uso. Fundi akasogea karibu, akapunguza sauti. Kuna njia nyingine, anasema. Tunakata kipande cha mpira wa tairi la lori, tunakichomeka pale palipolegea, tunapaka grisi nyingi. Elfu thelathini tu. Kelele inakufa kabisa. "Mteja akishafika Shelui, hiyo si shida yako tena."

Kaka akacheka. Mimi pia nilicheka, naomba niseme ukweli. Usiku ndio nikaanza kuifikiria ile Shelui.

Kutoka Singida kwenda Igunga huwezi kuikwepa Sekenke. Kwa wasiopafahamu, pale ndipo barabara inaposhuka ukingo wa Bonde la Ufa, kona juu ya kona, malori yanashuka kwa gia ndogo yakinuka breki. Shelui iko chini, ukishamaliza mteremko. Kwa hiyo "akishafika Shelui" maana yake ni kwamba mwalimu wa watu atakuwa ameshuka Sekenke kwa gari ambalo likishikwa breki linavuta kushoto, na sasa halipigi kelele ya kumwonya. Mimi nasomea ualimu. Yule angeweza kuwa mimi miaka mitatu ijayo.

Asubuhi nikamwambia kaka, hapana, tubadilishe bushi kweli. Akaniuliza hela iko wapi. Nikamwambia tununue bushi peke yake, tusinunue mikono, na ufundi tufanye wenyewe. Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini. "Wewe na mimi?" Nikasema wewe na mimi.

Sasa niwaeleze bushi ni nini, maana hata mimi na fizikia yangu yote nilikuwa silijui vizuri.

Gurudumu la gari halijafungwa moja kwa moja kwenye bodi. Limeshikwa na mikono ya chuma inayopanda na kushuka kadiri barabara inavyotaka. Kwenye Altezza kila gurudumu lina mikono ya juu na ya chini. Mahali mkono unaposhikana na bodi ndipo inapokaa bushi: bomba kubwa la chuma nje, bomba dogo la chuma ndani, na katikati yake mpira mgumu ulioganda kwenye vyuma vyote viwili kiwandani. Bomba la nje linabanwa kwenye mkono. Bomba la ndani linabanwa na bolti kwenye bodi. Gurudumu likipanda na kushuka, hakuna chuma kinachosugua chuma. Mpira ndio unaosokoteka kidogo, kisha unarudi. Zaidi ya hapo unameza mtetemo wa barabara usikufikie, na unalilazimisha gurudumu likae palepale lilipopangiwa.

Mpira ukipasuka, gurudumu linapata uhuru ambalo halikupewa. Ukishika breki linarudi nyuma kidogo, la upande wa pili halirudi, basi gari linavuta. Ukipita tuta, chuma kinagonga chuma, ndiyo ile ko! Na kwa kuwa gurudumu halikai sawa, tairi linaliwa upande mmoja. Dalili zote tatu tulikuwa nazo, kama maswali ya past paper.

Kaka akampigia rafiki yake wa Dar akaenda Gerezani, Kariakoo, akatununulia bushi nne, za mkono wa chini kushoto na kulia, laki na arobaini. Alituhakikishia si zile za bei chee ambazo mpira wake ukiubonyeza kwa kidole unabonyea kama chapati. Zikapakiwa kwenye basi, kesho yake jioni tukazichukua stendi ya Misuna.

Vifaa: jeki tulikuwa nayo. Spana kaka alikuwa nazo nyingi. Kitu ambacho hatukuwa nacho ni stendi za kuegemezea gari. Kaka akasema tutumie mawe, Singida mawe si tatizo. Nikamwambia sitaingia chini ya gari lililosimama juu ya jiwe, hata kama ni jiwe la Singida. Jiwe linaweza kupasuka bila taarifa, na jeki peke yake inaweza kushuka. Wadau, kama mtachukua kitu kimoja tu kwenye hadithi hii chukueni hicho: usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tu. Nikaenda nyumba ya tatu kwa babu mmoja ambaye zamani alikuwa fundi wa malori.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Chuo kimefungwa?"

Nikamweleza shida. Akanipa stendi mbili nzito za chuma, akasema zirudi zikiwa mbili. Nikamwahidi.

Siku ya kwanza tulianza saa moja asubuhi kabla upepo haujaanza. Mnajua upepo wa Singida wa miezi ile ya kiangazi, unakupulizia vumbi mpaka kwenye meno. Tukalegeza nati za gurudumu la kushoto gari likiwa chini, tukapiga jeki, tukaweka stendi, tukachomoa gurudumu. Kaka akachukua mtaimbo mfupi akauingiza kati ya mkono na bodi, akausukuma. Mkono ukacheza kama jino la mtoto. Nikamulika tochi ya simu. Mpira wa bushi kubwa ulikuwa umepasuka mzunguko mzima, unaona mwanga upande wa pili.

Kabla ya kufungua chochote nikapiga picha kila upande. Halafu nikaenda ndani nikachukua rangi yangu ya kucha, nyekundu. Kaka akauliza, "Sasa ndio unaenda kujiremba?" Teh teh! Bolti zinazoshika ule mkono kwenye bodi zina kisahani ambacho hakijatobolewa katikati, ukikizungusha kinasogeza mkono ndani au nje, na hivyo ndivyo gurudumu linavyopimwa likae wima. Ukifungua bila alama, hujui palikuwa wapi. Nikachora mstari mwekundu kuanzia kwenye kisahani mpaka kwenye bodi. Rangi ya kucha haifutwi na grisi kirahisi, akina dada mnajua.

Zile bolti zilikuwa zimekaa humo zaidi ya miaka ishirini. Tukazipulizia mafuta ya kulainisha kutu, tukanywa chai, tukapulizia tena. Ya kwanza ililegea kwa kelele kama risasi, mama akatoka jikoni mbio. Ya pili tuliichomekea bomba refu la maji kwenye spana ili kupata nguvu, kaka akavuta, mimi nikamshikilia kiuno asianguke nyuma. Majirani wakasimama kwenye ua kuangalia. Mmoja akasema siku hizi vyuo vikuu vinafundisha mambo.

Kisha boli jointi, ile inayoshikanisha mkono na gurudumu. Kaka alitaka kuigonga moja kwa moja na nyundo kwenye nyuzi zake. Nikamzuia, nilikuwa nimeona kwenye video kwamba ukiharibu nyuzi umeongeza gharama. Unairudisha nati ikae mwisho wa nyuzi, halafu unagonga pembeni ya lile sikio la chuma linaloishika, si yenyewe. Mapigo saba, ikaachia.

Mkono ukatoka. Mzito, umejaa tope la Ilongero lililokauka. Tukauweka kwenye vaisi ya jirani mchomelea vyuma.

Kutoa bushi za zamani ndiyo ilikuwa kazi ya mchana mzima. Mafundi wengi wanachoma mpira kwa moto, moshi mweusi mtaa mzima. Sisi tulitoboa mpira kwa drili ya mchomelea, tukasukuma katikati yote ikatoka, likabaki bomba la nje limeng'ang'ania ndani ya mkono. Hilo unalikata kwa ndani na msumeno wa chuma, urefu wake wote, polepole, ukiwa mwangalifu usile chuma cha mkono wenyewe. Ukishalipasua unalikunja na tindo, linaachia. Mimi ndiye niliyekata. Kaka hana subira hiyo. Nilitumia karibu saa nzima kwa bushi moja, na nilikuwa naona ubao wa maksi za mwalimu wa Igunga kila nilipotaka kuharakisha.

Usiku ule bushi mpya zililala kwenye friza ya mama. Mama anauza soda na barafu za ubuyu. Chuma kikipoa kinasinyaa, kidogo sana, lakini kwenye kitu kinachobana kiasi kile hata kidogo kinasaidia. Asubuhi mtoto mmoja alikuja kununua barafu, akaziona kwenye mfuko, akauliza, "Shangazi, hii nyeusi shilingi ngapi?"

Siku ya pili. Hatukuwa na presi, hivyo mchomelea alitukatia kipande cha bomba nene kwa elfu tano, tukatafuta bolti moja ndefu na nene na washa kubwa. Unaweka bushi upande mmoja wa tundu, bomba upande wa pili, unapitisha bolti katikati, unakaza nati na bushi inajivuta yenyewe ndani taratibu. Tunapaka maji ya sabuni. Si grisi wala oili, maana mafuta yanaula mpira.

Kaka akachoka kukaza. Akasema nyundo itamaliza mapema. Kabla sijasema kitu akaipiga mara mbili. Bushi ikaingia upande, imeinama kama kofia ya mlevi. Nilikaa chini nikanyamaza. Ilibidi tuirudishe nje, tulainishe ukingo uliokwaruzika kwa tupa, tuirudishe kwenye friza na kungoja. Dakika zile arobaini hatukuongea. Halafu akasema, "Haya mwalimu, fanya wewe." Nikakaza robo mzunguko, robo mzunguko. Ikaingia sawa. Ile kubwa ina matundu kwenye mpira wake, na matundu hayo yana mwelekeo, hayawekwi ovyo. Picha yangu ya jana yake ikatuokoa.

Jioni mkono ulikuwa umerudi kwenye gari, bolti zimekazwa kwa nguvu zetu zote, gari likiwa bado juu ya stendi na gurudumu linaning'inia. Tukajipongeza. Kaka akanunua kuku mzima wa kienyeji, kuku wa Singida mnawajua, hawahitaji kusifiwa.

Babu akaja kuangalia stendi zake.

Akainama, akamulika, akatingisha kichwa kwa kuridhika. Halafu akauliza swali moja. "Mmekaza likiwa linaning'inia hivi hivi?"

Tukasema ndiyo.

"Basi mmekaza makosa."

Nikasema hee! Babu akaomba kitambaa. Nikampa leso yangu. Akashika ncha moja mkono wa kushoto, nyingine mkono wa kulia, akaisokota. Akasema hapa ndipo ulipoikaza wewe, gurudumu likiwa chini kabisa. Sasa nikishusha gari, gurudumu linapanda, na mpira unasokoteka hivi, nao unabaki umesokotwa hivi usiku na mchana hata gari likiwa limepaki. Ukipita tuta unasokoteka zaidi. Haumalizi miezi, unapasuka. Ukikaza gari likiwa limesimama kwa uzito wake, mpira unapumzika ukiwa katikati, likipanda unasokoteka kidogo, likishuka unasokoteka kidogo, unarudi.

Wadau, mimi nimefanya somo zima la msokoto mwaka wa pili. Nimekokotoa pembe, nimekokotoa nguvu, nimepata B+. Na nilikaa pale kwenye vumbi nikaelewa kwa mara ya kwanza nilichokuwa nakokotoa. Bomba la ndani likikazwa halizunguki kabisa, kila kitu kinabebwa na mpira. Pale unapokaza ndipo mpira unapoanza kuhesabu sifuri yake. Sisi tuliiweka sifuri mahali ambapo gari halikai kamwe.

Kaka akauliza kama inaonekana. Babu akasema haionekani. Litatembea vizuri tu, mteja ataondoka anafurahi. Akanyamaza kidogo. "Ndiyo maana wengi hawarudii."

Hatukuangaliana na kaka. Akachukua spana akaingia chini.

Gari liko chini sana, ukilishusha kwenye magurudumu huwezi kupita chini yake kukaza. Babu akatufundisha njia. Tulilegeza bolti zote za mkono, tukafunga gurudumu, tukashusha gari chini taratibu, tukalitikisa mara kadhaa likae. Nikachukua futi ya mama ya cherehani nikapima kuanzia katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake. Nikaandika. Tukapandisha tena, stendi, tukachomoa gurudumu, halafu jeki tukaiweka chini ya mkono wenyewe, karibu na gurudumu, tukaupandisha polepole mpaka futi ikasoma namba ileile. Hapo ndipo tukakaza, alama nyekundu zikiwa zimelingana. Kuku alikuwa ameshapoa.

Siku ya tatu tulifanya upande wa kulia, na tulimaliza saa tisa alasiri maana sasa tunajua. Siku ya nne tukaenda kupimisha magurudumu mjini, elfu thelathini na tano, kwa sababu alama ya rangi ya kucha inakurudisha karibu, haikurudishi palepale. Tukatoka tukapita tuta lile la stendi. Kimya. Kaka akarudi akalipita tena, na tena, kama mtoto mwenye baiskeli mpya. Tukaenda mpaka barabara ya kando ya Ziwa Singidani, kaka akashika breki kwa nguvu, akaachia usukani kidogo. Likasimama mstari ulionyooka.

Ila nilikuwa nimeona kitu. Siku ya tatu nikiwa chini na tochi nilitambaa mpaka nyuma. Bushi za mikono ya nyuma zilikuwa zimeanza nyufa ndogo ndogo. Hazijapasuka, hazigongi, lakini siku zake zinahesabika. Nikamwonyesha kaka. Akasema, "Hajaulizia za nyuma." Nikasema ni kweli, hajaulizia. Tukaishia hapo, hela ilikuwa imeisha na Jumamosi ilikuwa kesho.

Mwalimu akaja na basi la asubuhi. Akaendesha, akapita tuta, akatabasamu mpaka meno ya mwisho. Wakaingia ndani kuhesabu. Mimi nilikuwa naleta soda, moyo unanidunda, nimeshaamua nitasema mimi kama kaka hasemi, ingawa ada ile ilikuwa yangu. Nikamkuta kaka ameweka bushi za zamani juu ya meza, zile zilizopasuka. Anamwonyesha mwalimu tulichotoa. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Na za nyuma zimeanza nyufa. Sijabadilisha. Ndani ya miezi michache itabidi uzibadilishe. Na ukizibadilisha mwambie fundi akaze gari likiwa chini, si likiwa linaning'inia."

Mwalimu akanyamaza. Akashika moja ya zile bushi akaigeuza geuza. Kisha akaomba apunguziwe laki tatu na nusu.

Laki tatu na nusu jamani. Bei ileile ya mikono ya mtumba tuliyoikwepa mwanzo. Kaka akakubali. Mwalimu alipoondoka, kaka alikaa kwenye benchi la nje mpaka jua likazama, hakutaka kuongea na mtu. Ada yangu ilitoka, mtaji ulitoka umepungua, na ile simu aliyokuwa ameniahidi imebaki ahadi. Sitawadanganya kwamba jioni ile nilijisikia vizuri. Nilijisikia nimemtia kaka yangu hasara kwa mdomo wangu wa siku ile ya kwanza.

Karibu saa mbili usiku simu ya kaka ikaita. Alikuwa mwalimu. Kaka akaweka sauti ya nje ili na mama asikie.

"Kaka, nimefika Shelui. Nimeshuka Sekenke salama, gari limetulia kabisa. Nikasema nikujulishe."

Kaka akamwambia asante, safari njema. Akakata simu, akanitazama, tukaangua kicheko wote wawili hadi mama akauliza Shelui kuna nini cha kuchekesha.

Basi ndiyo hivyo. Bushi hii hapa mezani ni ya kushoto mbele, ile kubwa, nimeiomba kama kumbukumbu. Wale wa mazoezi ya kufundisha, mimi nitaingia nayo darasani siku nitakayofundisha msokoto. Na wale wenye kaka, wajomba na mashemeji wenye magari yanayosema ko ko ko: mwambieni fundi akaze gari likiwa limebeba uzito wake. Akibisha, mwombeni kitambaa mumwonyeshe.

Stendi za babu zilirudi zikiwa mbili.

Haya, kesho nina kipindi saa moja asubuhi. Wa Ng'ong'ona mliohama chumba mniambie mko wapi siku hizi. Tuko pamoja.